Kura ya Kipa Sleiman

Skafu ilikuwa ya manjano.

Nyinyi mliokaa wiki nzima mkibishana juu ya kilichomo begini mwa Mbelgiji, huyu anasema bastola, yule anasema hati za nyumba ya Bujumbura, haya, jawabu ndiyo hiyo. Skafu ya sufi, manjano na nyeusi, imekunjwa kama nguo ya harusi, ikawekwa juu ya zulia la majlisi, chumba cha wageni, kule Mawaleh, Maskati, baina ya sahani ya halwa na dele la kahawa.

Wote wakaikodolea macho. Hata kiyoyozi kikanyamaza.

"Hii si rangi yake," akasema Msellem.

Msellem ni mdogo wake Bi Shariffa, mke wa mwenye nyumba; ni mstaafu wa uwanja wa ndege, mtu ambaye nyumba ikiungua husema naona kama kuna moshi. Lakini safari hii alisema la maana. Klabu ya mpira ya shemegi yake, Mzee Sleiman, Mwomani aliyekulia Bujumbura, ni Eendracht ya kijiji cha Wolmerkerke, Ubelgiji, na rangi ya Eendracht ni kijani. Taulo za nyumba ile ni kijani. Geti ni kijani. Mtoto wao Fahd alivalishwa kijani mpaka alipopata akili ya kukataa.

Manjano ni Sporting. Sporting ni wale wa ng'ambo ya mfereji, na jina lao ndani ya nyumba hiyo hutajwa kama linavyotajwa shetani, kwa kuomba kinga kwanza.

Bi Shariffa alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Alimtazama mumewe. Mzee Sleiman alikuwa anaitazama skafu kama mtu aliyeambiwa kuna nge ndani ya kiatu, na kiatu keshakivaa.

Maana mambo yalikuwa yameshaharibika. Kwa wale waliokuwa harusini wiki iliyopita, hawakuyasikia: mgeni alipopewa kahawa hakunywa. Alikiweka kikombe chini, akakiacha. Na kwa watu wa Oman, mgeni akiweka kikombe chini bila ya kunywa ana maana moja tu: nna haja, na sinywi mpaka niitikiwe. Mwenye nyumba mwenye kujiheshimu hamuulizi ni haja gani. Husema, "Kunywa, haja yako tayari." Sleiman akasema hivyo, kwa sauti kubwa, mbele ya Msellem, na kusema mbele ya Msellem ni sawa na kusema mbele ya Mawaleh nzima.

Mgeni akanywa.

Masikini ya Mungu, alikuwa anangoja ipoe.

"Haya, Bwana Joris," akasema Sleiman kwa Kifaransa chake cha Bujumbura, cha kufungulia duka. "Haja yako nini?"

Joris, mtu mrefu mwenye masikio mekundu, akapangusa vidole vya halwa.

"Mimi mwenyewe sijafahamu vizuri," akasema. "Nilijitayarisha kufukuzwa. Ndani ya ndege nimetunga hotuba. Mke wangu kaniambia, watakutoa nje na viatu mkononi. Wewe umenikubalia kabla sijafungua mdomo. Nikasema, labda ndivyo walivyo Waarabu."

"Ndivyo tulivyo," akasema Sleiman. Sauti ilimtoka kama upepo wa mpira uliotoboka.

"Basi naomba kura yako. Namba ya Sporting ibaki. Ya Eendracht ifutwe."

Sleiman akafumba macho. Msellem, ambaye hajui Kifaransa lakini anajua uso wa mtu anayezama, akamuuliza mgeni kwa Kiingereza cha uwanja wa ndege, akaelezwa upya, akamgeukia dada yake kwa Kiswahili na uso wa furaha ya kutisha.

Mambo yenyewe ni haya. Huko Ubelgiji kila klabu imepewa namba na chama cha mpira toka enzi. Namba ikiwa ndogo, klabu ni kongwe. Jina unaweza kubadili, uwanja unaweza kuuza, jezi unaweza kutia maua ukitaka. Namba ndiyo nasaba. Klabu mbili zikiungana, moja inabaki na namba yake, ya pili inafutwa, na hapewi mtu mwingine mpaka Kiyama.

Na Eendracht na Sporting zilikuwa zinaungana. Vijana wamekimbilia mijini. Msimu uliopita Eendracht imemaliza ligi na beki mmoja ambaye pia ndiye mpishi wa supu. Siku ile ile, baada ya sala ya adhuhuri ya Maskati, wanachama wa pande zote mbili walikuwa wakae ukumbi mmoja na kupiga kura ya namba.

"Tumeshahesabiana, tumelingana," akasema Joris. "Kura yangu nimemwachia mke wangu anipigie. Kura zikilingana, namba kongwe inabaki, na kongwe ni yenu. Mimi nataka moja tu. Na wewe ni mwanachama wa maisha."

"Kwa hiyo umeahidi kuiua klabu yako," Bi Shariffa akamwambia mumewe.

"Nimetoa neno."

"Kwa kikombe cha kahawa."

"Kwa kikombe cha kahawa, Mama Fahd. Babu yangu alitoa shamba kwa kikombe cha kahawa."

"Ndiyo maana hatuna shamba."

Sleiman alijivuta, akakaa wima, akamnyooshea mgeni kidole.

"Kabla sijakupa kura utakaa usikilize. Anayekuja kuzika lazima amjue maiti."

Bi Shariffa akaegemea ukuta. Historia hiyo anaisikia toka fungate. Wanawake wenziwe fungate walipelekwa Salala, pwani ya kusini. Yeye alipelekwa daraja la tatu la Ubelgiji, kwa hadithi.

"Klabu ilianzishwa na padri na mafundi mapipa," Sleiman akaanza, Kifaransa kwa mgeni, Kiswahili kwa wenyeji. "Vita vya mwanzo vimekwisha, vijana wamerudi, kazi hakuna, kila Jumapili wanapigana. Padri akaona bora wapigane mateke kwa utaratibu. Uwanja ulikuwa malisho nyuma ya kanisa. Kwanza mnaondoa ng'ombe. Halafu mnaondoa walichoacha ng'ombe. Ndiyo mnacheza."

"Wakati huo tulikuwa kitu kimoja," akasema Joris.

"Tulikuwa. Mkaondoka kwa ajili ya ufunguo."

"Ufunguo gani?" akauliza Msellem. Anajua ni ufunguo gani. Sehemu hiyo anaipenda.

"Ufunguo wa chumba cha kuvalia jezi. Fundi mapipa kasema ukae kwake, mwenye bucha kasema ukae kwake. Mwenye bucha akachukua nusu ya kijiji, akavuka mfereji, akaanzisha Sporting. Sisi tuliobaki tukaendelea kuitwa Eendracht, na Eendracht kwa lugha yao ni Umoja. Toka siku hiyo mvulana wa kijani haoi msichana wa manjano. Ikitokea, harusi hufanywa mji mwingine."

"Na ufunguo?"

"Ulipotea, shemegi. Pande zote mbili wakavunja milango."

Akaendelea. Vita vya pili wanajeshi walilima viazi uwanjani, na mechi ya kwanza ya amani ikasimama kwa sababu winga wa kulia alijikwaa kwenye tuta akaibuka na kiazi, na wenziwe wakaingia kutafuta zaidi. Baadaye wakapanda mpaka daraja la tatu, wakakaa msimu mmoja kama mgeni mwenye adabu, wakarudi walikotoka. Kombe hawajawahi. Waliwahi kuwa wa pili, mwaka ambao timu nyingi zilijitoa.

"Halafu nikaja mimi," akasema Sleiman.

Alitoka Bujumbura kwenda huko kusomea ufundi wa mafriji. Wakamuona mrefu, wakamtia golini na kofia yake ya mkono, aliyoshonewa na mama yake. Mechi na Sporting, mvua, bao hakuna, dakika za mwisho, penalti ya Sporting. Akaruka kulia. Akaudaka. Siku hiyo hiyo, jezi bado imelowa, wakamfanya mwanachama wa maisha.

Hapa kwa kawaida watu husema mashaallah. Msellem akasema.

Joris hakusema. Alikuwa ameshika kipande cha halwa, hakili.

"Aliyepiga ile penalti," akasema, "ni baba yangu."

Kiyoyozi kikawaka tena, peke yake.

"Baba hakuitwa tena kwa jina lake. Pande zote mbili za mfereji. Dukani, Penalti. Posta, Penalti. Alichora mistari ya uwanja wa Sporting kwa mkono wake mpaka miguu ikakataa, na watu wakipita wanamwambia, Penalti, usisahau kile kidoti cha katikati. Amekufa mwaka jana. Mchonga jiwe la kaburi akaniuliza, tuandike lipi?" Akalamba midomo. "Hakuwa na kitu kingine duniani ila ile klabu. Nataka kitu chake kimoja kisifutwe."

Sleiman akainamisha kichwa. Muda wote huu alikuwa anatafuta adui wa kumchukia, na adui amemletea yatima.

"Na mpaka anakufa," Joris akaongeza, "alisema ulitoka kwenye mstari kabla hajapiga."

"Alisema," akaitikia Sleiman.

"Ulitoka?"

"Kula halwa," akasema Sleiman.

Bi Shariffa akanyanyuka, akaenda jikoni.

Jikoni alimkuta Brayo, Mkenya, fundi wa gereji ya mtaa wa Ghala ambaye siku za mapumziko hubeba abiria. Ndiye aliyemleta mgeni kutoka hotelini. Alikuwa amepakuliwa wali na samaki, na alikuwa anautendea haki.

"Brayo, mwanangu. Huyu mtu umemtoa wapi?"

"Si yeye ndiye alinitafuta, mama. Unakumbuka ile video ya Mzee akipiga stori ya penalti pale gereji? Mimi ndio niliirusha. Ikafika hadi huko kwao. Huyu akaniandikia, ati yuko Maskati, anataka kumwona golikipa."

"Na skafu ya manjano hukuiona?"

"Niliiona. Kwa gari alikuwa anapangusia machozi."

"Na hukusema?"

"Mama, mimi nilijua wote ni timu moja. Si wote wazungu? Si wote wa kijiji kimoja?"

"Nyinyi huko Kenya wote timu moja?"

Brayo akaacha kutafuna.

"Hapo sasa umenishika," akasema.

Bi Shariffa akawaza. Mpira haujui na hautaki kuujua. Lakini mumewe anamjua. Sleiman akivunja neno hatotoka tena nje. Ataswali nyumbani, ataacha kwenda sokoni, atakufa kwa haya. Na akilitimiza, ile namba itafutwa kwa mkono wake, na atakufa kwa huzuni. Kwa njia zote mbili yeye Shariffa atabaki na taulo za kijani.

Neno lililotoka kwa kahawa halivunjwi na aliyelitoa. Anaweza kulisamehe aliyepewa, basi.

Akarudi majlisi na uso wa mtu aliyepata dawa. Akalichukua dele, akalitia mkononi mwa mgeni.

"Mwambie anitilie," akamwambia Msellem.

"Dada, mgeni hatii kahawa."

"Leo anatia. Mwenye kutia ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye wa kuombwa. Mwambie."

Joris akatia. Bi Shariffa akapokea kikombe. Akakiweka chini, mbele yake, kimejaa. Akakunja mikono.

Sleiman akafahamu. Msellem akafahamu, akasema "Allah!" kwa sauti ndogo. Brayo alichungulia mlangoni, naye, baada ya miaka yake ya Ghala, akafahamu.

Alibaki mmoja.

Joris alikitazama kikombe. Akamtazama bibi. Akakitazama tena kikombe. Bi Shariffa akamkazia macho, macho ambayo yaliwahi kumrudisha kwao mtu wa umeme bila ya kuukata.

"Hanywi?" Joris akamuuliza Msellem.

"Hanywi," akasema Msellem. "Fikiri kwa nini."

Joris akafikiri. Uso ukamfunguka. Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe cha Bi Shariffa, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, akampa tabasamu.

"Kilikuwa kinapoa," akasema.

Basi. Mila ya watu wa Oman ilimalizikia hapo.

Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaswali. Sleiman alikaa kwenye msala muda mrefu kuliko kawaida yake, na Bi Shariffa akajua anachoomba: anaomba mtandao ukatike.

Mtandao ulikuwa mzuri kama asali. Brayo akaunganisha simu na televisheni, na ukumbi wa Wolmerkerke ukajaa ukuta mzima wa majlisi: watu wazima wenye makoti, kijani upande mmoja, manjano upande wa pili, na katikati wameacha njia pana kama mfereji. Nyuma kuna sufuria kubwa la supu. Mezani kakaa mwenyekiti mwenye masharubu.

Mwenyekiti alikuwa akisema Kiflemishi, Joris anageuza Kiingereza, Msellem anageuza Kiswahili, na kila neno lilipopita likanenepa kidogo. Lakini lilifika.

"Kura zimelingana," akatangaza mwenyekiti. "Kwa hiyo namba kongwe—"

"Ngojeni!" akasema Joris. "Kuna mwanachama mmoja hajapiga."

Akasogea pembeni. Sleiman akasimama mbele ya simu. Amevaa kanzu nyeupe na kilemba cha kijani, kwa mara ya mwisho.

"Mimi," akasema, "Sleiman. Kipa."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi mtu wa Eendracht," Sleiman akaendelea, na Kiflemishi chake kilikuwa cha mvua na matope, cha wachezaji. "Nimeipenda klabu hii kuliko nilivyojipenda mimi. Lakini nimetoa neno kwa mtoto wa mtu niliyemkosesha jina. Kura yangu, namba ya Sporting ibaki."

Upande wa manjano ukapiga kelele. Upande wa kijani bibi mmoja akaangusha kijiko. Sleiman akakaa chini, na Bi Shariffa akaona mkono wake unapapasa zulia, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Samahani," akasema mwenyekiti. "Kura hii haiwezi kuhesabiwa."

"Kwa nini?"

"Sleiman amekufa."

Msellem alipoligeuza hilo kwa Kiswahili ilibidi alirudie, kwa sababu mara ya kwanza alicheka.

"Amekufa zamani," mwenyekiti akaeleza kwa upole. "Tulisimama kimya dakika nzima. Wachezaji walivaa vitambaa vyeusi mkononi. Tukafungwa sita bila, lakini kwa heshima."

"Niko hai!" Sleiman akanguruma.

"Mwanachama wa maisha," akasema mwenyekiti, "ni wa maisha. Maisha yakimalizika, na kura imemalizika. Huyu simjui. Naona mzee mwenye kilemba."

"Ndiye!" akapiga kelele Joris. "Mimi shahidi!"

"Wewe ni Sporting, Joris. Wewe hata baba yangu akifufuka ungesema ni wenu. Yuko mtu mwingine hapo wa kumtambua?"

Hapo ndipo ilipokuja kufahamika, polepole, kwa mmoja mmoja ndani ya ile majlisi. Sleiman akiwa hai, Eendracht imekufa. Sleiman akiwa amekufa, Eendracht iko hai. Na neno lake keshalitimiza: kura ameipiga, watu wote wamesikia. Kilichobaki ni kunyamaza tu.

Lakini kipa hajui kunyamaza.

"Yuko mke wangu!" akasema. "Shariffa, njoo. Neno nusu si neno. Waambie mimi nani."

Bi Shariffa akanyanyuka. Akautengeneza mtandio wake, bila ya haraka. Akasimama mbele ya Ubelgiji.

"Bibi," akasema mwenyekiti, "huyu ni mumeo Sleiman?"

Bi Shariffa akamgeukia mumewe, akamtazama toka kilembani mpaka kwenye vidole vya miguu. Miaka yote hiyo. Padri, mapipa, ufunguo, viazi. Ile penalti, kila Idi, mbele ya wageni wale wale.

"Mimi," akasema, "mjane."

"Mama Fahd!"

"Fasiri, Msellem."

Msellem akafasiri. Hajawahi kufasiri kitu kwa raha kama siku hiyo.

"Dada," akanong'ona, "huo uchuro. Na ukishasema hivyo mbele ya watu, eda inakungoja."

"Ntakaa eda. Miezi minne na siku kumi bila ya kuhadithiwa mpira, unadhani ntalia?"

"Wenye klabu wameshasema," Bi Shariffa akamwambia Sleiman pembeni, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto asitapike dawa. "Wamekusimamia dakika nzima, Baba Fahd. Wamefungwa sita kwa ajili yako. Utawavunjia adabu?"

Sleiman akafungua mdomo. Akaufunga. Jicho moja likaenda kwenye sufuria la supu, kwenye makoti ya kijani, kwenye ile bendera kuukuu iliyoning'inia nyuma ya mwenyekiti. Mara ya kwanza toka wamjue, hakusema kitu.

"Poleni sana na msiba," akasema mwenyekiti. "Lakini, bibi, kuna kitu sijakifahamu. Mjane wa Sleiman tunaye hapa."

Msellem akafasiri mpaka katikati, akasimama.

"Amesema nini?" akauliza Bi Shariffa.

"Anasema... mjane wanaye."

"Mjane yupi?"

"Ndiye aliyetuletea habari ya kifo," mwenyekiti akaendelea. "Toka siku hiyo anakaa bure, mstari wa mbele, na supu tunampa. Bi Godelieve! Hebu sogea. Wewe utatuambia kama huyu ndiye."

Yule bibi aliyeangusha kijiko akanyanyuka. Mrefu, mzee, koti la kijani, nywele nyeupe zimefungwa kwa utaratibu. Akapita katikati ya ile njia pana, taratibu, mpaka uso wake ukajaa ukuta wa majlisi. Akavaa miwani. Akamtazama Sleiman.

Alimtazama muda ambao mtu hamtazami jirani.

Sleiman akawa anaangalia dari.

"Hapana," Bi Godelieve akauambia ukumbi, na Joris akafasiri kwa sauti iliyokauka. "Huyu siye. Mume wangu alikuwa na nywele, na alikuwa anasema kweli."

Nyundo ikagongwa. Kura imetupwa. Namba ya Eendracht imebaki. Upande wa kijani wakakumbatiana, wakalia, mtu akamwaga supu. Joris akaikunja skafu ya baba yake, mara moja, mara mbili, na Brayo akamwekea mkono begani.

Bi Shariffa hakuangalia hata mmoja kati ya hao. Yeye alikuwa anamuangalia yule bibi, kwa sababu yule bibi hakuondoka mbele ya simu. Alisogea karibu zaidi, akavua miwani, akamwelekea yeye Shariffa, na akasema, kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha Bujumbura, chenye lafudhi ile ile ambayo Bi Shariffa amelala nayo ujana na uzee wake:

"Pole na msiba, mke mwenzangu."

Bi Shariffa akageuka kumtazama marehemu.

Marehemu alikuwa mlangoni, anatafuta makubadhi yake.